Simu ya Kufunga Kadi

Britta Haugen alifika nyumbani Duluth, mji wa ziwani kaskazini mwa Marekani, siku nne kabla ya Krismasi na hesabu yake yote kwenye kompyuta, na hata koti hakuvua. Theluji bado inamdondoka mabegani, yeye anaongea tu.

"Mama, kaa. Baba, na wewe kaa. Ile kadi nimeipigia hesabu mpaka nusura nifeli mtihani wa takwimu."

"Nusura?" mama yake akauliza. Ardis alikuwa jikoni anageuza lefse, ile mikate myembamba ya viazi ya Krismasi, na hakugeuza shingo.

"Nusura, Mama. Sijasema nimefeli. Kaeni basi!"

Hakuna aliyekaa. Baba yake, Dwight, alisimama dirishani na soksi zake za sufu, kikombe cha kahawa mkononi, anatazama ziwa kama vile kuna mtu amemwahidi kutokea huko.

Kadi yenyewe ilikuwa kadi ya mkopo ya hoteli, ile ya daraja la juu kabisa, ada yake dola mia sita na hamsini kwa mwaka. Ada ya mwaka mpya ingekatwa tarehe tano Januari. Ardis alitaka ifungwe kabla ya siku hiyo, Dwight hakutaka. Hawakuwa wamegombana kwa sauti, maana nyumba ile watu hawagombani kwa sauti, wanagombana kwa kubamiza makabati. Na tangu mwezi wa kumi na moja makabati yalikuwa na kazi kwelikweli.

Zamani isingekuwa hata suala. Miaka ishirini na tisa Dwight aliuza pampu za maji kwenye viwanda vya karatasi na machimbo ya chuma, kutoka Dakota mpaka Michigan, analala hotelini siku mia moja na kitu kwa mwaka. Petroli, chakula, chumba, vyote alilipia kwa kadi ile, kampuni inamrudishia hela, pointi za kulala bure zinabaki kwake. Halafu mwezi Machi kampuni ikamwachisha kazi. Kadi ikabaki.

"Mwambie mwanao ulikolala jana," Ardis akasema, bado kawapa mgongo.

Dwight akakohoa. "Hotelini."

"Hoteli gani, Baba? Si umesema hujatoka mjini?"

"Ile ya kule juu, kwenye barabara kuu."

"Dakika kumi na mbili kutoka hapa!" Ardis sasa akageuka, mwiko mkononi. "Mume wa mtu anapakia pajama anaaga, anakwenda kulala dakika kumi na mbili kutoka kitandani kwake, na wala hana mwanamke huko. Angekuwa na mwanamke afadhali, ningejua cha kumwambia mchungaji!"

Britta alicheka mpaka akashika meza. Lakini alielewa, maana alikuwa amesoma mtandaoni kwamba wenye kadi hizi wanafanya hivyo kila Desemba. Ili ubaki ngazi ya wateja iitwayo Zumaridi, ya juu kuliko zote, lazima uwe na kadi na ufikishe siku arobaini za kulala. Kadi inakuhesabia ishirini za bure. Dwight alikuwa amelala kumi na nne kabla ya Machi. Zilibaki sita, na mwaka unakwisha, kwa hiyo watu wazima wenye vitanda vyao wanabeba begi, wanachukua chumba cha bei ya chini karibu na nyumbani, wanalala, wanarudi asubuhi.

"Nimeshalala tatu," Dwight akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri. "Samahani."

Ndivyo alivyo huyo. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi.

Kesho yake mchana Britta akamsindikiza baba yake kwenda kulala siku ya nne. Alikwenda kwa utani, anataka kuona. Baba yake alibeba begi la magurudumu mikononi kuvuka theluji ya maegesho, mabega yameanguka, kama Britta alivyozoea kumwona tangu Machi, kutoka friji kwenda dirishani, dirishani kwenda friji. Mlango ukafunguka.

"Bwana Haugen!" Binti wa mapokezi alisimama kabisa. "Karibu tena. Tulikuwa tunakungoja. Nimekuwekea chumba cha pembeni."

Jamani, Britta aliona kwa macho yake. Mgongo ukanyooka. Kidevu kikapanda. Hata sauti ilibadilika, ikawa ile ya zamani, ya mtu anayekuja kukueleza kuhusu pampu na wewe unataka kumsikiliza.

"Huyu ni binti yangu, Britta. Yuko chuo, anasoma takwimu."

"Hongera, Bwana Haugen. Basi chupa mbili za maji, na biskuti mbili badala ya moja."

Chumba cha pembeni kilitazama maegesho ya malori. Dwight alishukuru kama kapewa ziwa lote. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akampa Britta biskuti yake na kusema ameshiba, na hapo ndipo Britta akauliza lile ambalo nyumbani hakuna aliyeliuliza.

"Baba, Machi walikuambiaje?"

"Walipiga simu." Akatazama saa yake, kama vile simu ile bado inaendelea. "Kijana tu, hata hatujawahi kuonana. Dakika nne. Nilitazama baadaye kwenye simu, imeandikwa, dakika nne. Nikamwambia asante."

"Ukamwambia asante?"

"Sasa ningemwambia nini, mwanangu?"

Britta aliiweka biskuti chini. Alijua sasa kadi ile ni ya nini. Duniani kote palikuwa pamebaki mahali pamoja tu ambapo baba yake akiingia mtu anasimama, na mahali penyewe panalipiwa dola mia sita na hamsini.

Usiku huo alirudia hesabu. Usiku mmoja wa bure kwa mwaka, sawa. Mayai ya asubuhi, sawa. Halafu kuna dola mia nne za kutumia, zinavutia kwelikweli kwenye karatasi, ila zinatumika kwenye hoteli za ufukweni tu, na ufukwe wa karibu wenye hoteli hizo unahitaji ndege mbili na tiketi mbili. Kila alivyoipindua, hasara, dola mia tatu na ushei. Kwa mtu asiyesafiri tena, kadi haifai. Mtoto wa darasa la sita angeliona hilo.

Lakini Britta hakukubali kushindwa na jedwali. Asubuhi alimvamia mama yake jikoni.

"Mama, wakipunguza ada mpaka chini ya mia tatu, utamwacha abaki nayo?"

Ardis alifuta mikono taratibu. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amechoka kulala na nusu ya kitanda baridi, kwanza kwa sababu ya pampu na sasa bila sababu. "Chini ya mia tatu, sisemi neno. Lakini nani atawapunguzisha?"

"Baba mwenyewe! Anapiga simu, anasema nataka kufunga kadi. Anajifanya tu. Wanampeleka kwa kitengo cha kubembeleza wateja, wanaanza, oh bwana usituache, chukua pointi elfu hamsini, tunakurudishia zaidi ya nusu ya ada. Kila mtu anafanya, Mama! Ada ikikaribia, watu wote wenye kadi wanajifanya wanaondoka."

"Kama wachumba," Ardis akasema.

"Kama wachumba hasa!"

Walipiga siku ya pili baada ya Krismasi, saa nane mchana, watatu mezani, simu katikati kwenye spika. Britta alikuwa amemfanyisha mazoezi baba yake asubuhi nzima. "Usiombe radhi, Baba. Usiseme samahani hata mara moja. Wewe ndiye unayeondoka, wao ndio wanaolia."

"Nimeelewa," akasema Dwight. Alikuwa amevaa shati la kazi, la kola, kwa ajili ya simu. Britta akamnyoosha kola.

Muziki ulipigwa dakika ishirini. Kisha sauti ya mwanamke, nzuri, yenye mafua kidogo.

"Bwana Haugen, nikusaidie nini leo?"

"Nataka..." Akamtazama Britta. Britta akaitikia kwa kichwa, endelea. "Nataka kufunga kadi yangu."

"Sawa. Nipe sekunde moja niangalie akaunti."

Vidole vilisikika vikigonga. Britta aliinua vidole vitano kumwonyesha mama yake, elfu hamsini, midomo inasema bila sauti, subiri, subiri. Ardis naye alikuwa ameinama mbele. Kusema kweli, alikuwa ameanza kutumaini.

"Haya," sauti ikasema. "Naona matumizi ni madogo tangu Machi. Hakuna ofa yoyote kwenye akaunti yako kwa sasa. Niendelee kuifunga?"

Matumizi. Hesabu nzima ile, mistari mia moja na arobaini, na Britta hakuwahi kujiuliza benki ingebembeleza kitu gani kwa mtu ambaye tangu Machi ametumia kadi kununulia vyumba vichache vya bei ya chini dakika kumi na mbili kutoka nyumbani kwake. Alianza kutikisa mikono. Hapana, Baba. Sema hapana. Sema nitafikiria.

Dwight aliona mikono ile. Aliitazama. Lakini mwanamke wa watu alikuwa anangoja, ana mafua, na yeye alishamwambia anataka kufunga. Kumrudisha nyuma sasa, kumpotezea muda, kumwambia nilikuwa natania? Mtu wa Duluth hafanyi hivyo kwa mtu asiyemjua. Ni afadhali akatwe mkono.

"Endelea tu," akasema. "Samahani kwa usumbufu."

"Hakuna usumbufu. Imeshafungwa. Kuna kingine?"

"Hapana. Asante. Ujiangalie na hayo mafua."

Simu ikakatika.

"Baba, tupige tena," Britta akasema harakaharaka, tayari kashika simu. "Wanaweza kuirudisha, nimesoma, ndani ya siku thelathini, unasema tu..."

"Acha, mwanangu. Usimsumbue yule dada."

"Lakini si kosa lako, ni mimi niliye..."

"Hajauliza hata kwa nini," Dwight akasema. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesoma kibao barabarani. "Nilikuwa nimejiandaa. Nilidhani atauliza kwa nini."

Ardis alikuwa ameshinda, kadi imekwisha, tarehe tano ingepita bila dola hata moja kukatwa, na alisimama pale kama mtu aliyefika sherehe ya watu wengine. Alimsogelea mumewe, akamwekea mkono begani, juu ya lile shati la kola. Dwight aliupapasa ule mkono mara mbili, kwa adabu, kama unavyompapasa mbwa wa jirani.

Kisha akachukua mkasi droo ya jikoni kuikata kadi, kama inavyotakiwa. Mkasi haukukata. Kadi ya daraja la juu ni chuma. Akajaribu tena, mkasi ukateleza, ukaacha mkwaruzo juu ya jina lake.

"Ngoja nichukue mkasi wa kukatia bati, gereji," akasema, akatoka na soksi zake.

Walingoja. Ardis akamimina kahawa ambayo hakuna aliyeitaka. Zikapita dakika kumi, kumi na tano, hakuna mlio wa kitu kukatwa. Britta akaenda. Gereji ilikuwa baridi mpaka pumzi inaonekana. Baba yake alikuwa ndani ya gari, kiti cha dereva, injini imezimwa, mikono juu ya usukani, kama asubuhi zile za kwenda kuuza pampu.

Britta akagonga kioo kwa kidole.

"Nakuja," akasema Dwight kutoka ndani, bila kugeuka. "Nakuja sasa hivi."

Britta alirudi jikoni. Mama yake akainua macho.

"Anasema anakuja," Britta akasema, wakaketi wote wawili, wakiutazama mlango.