Salamu kwa Malori ya Makambako

Jumatatu asubuhi, mwaka tisini na nane, Oktavia alifika Makambako akiwa amevaa sweta mbili, moja ya baridi ya Njombe, nyingine ya kumpendeza msaili. Kwapani alibana kipande cha katoni alichochorea vitufe vyote vya kompyuta. Kwa katoni hiyo alijifunza kuandika programu nyumbani kwao Mjimwema, akibonyeza wino mkavu na kufuata kitabu cha kuazima. Kompyuta yenyewe hakuwahi kuigusa. Aliitaka kazi hii ili aione programu yake, hata moja tu, ikienda.

Kwenye benchi, nje ya ofisi ya Mzee Halfan mwenye malori, alimkuta Sadock, kijana wa Igwachanya, ambaye alikuwa ameshasailiwa na sasa anangoja majibu.

"Dada, umekuja na mkeka wako kabisa?"

"Ni kompyuta yangu."

"Basi iwashe tuote moto."

Ndani walikuwepo Mzee Halfan na mhasibu wake, Bi Rukaya. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufumwa, juu yake maua ya plastiki. Koti la mtu lilining'inia kwenye kiti cha mbele yake.

"Hiyo haiwashwi siku ya usaili," alisema Bi Rukaya. "Itachoka."

Akampa chaki na kumwonyesha ubao. Dirishani uwanja ulionekana umejaa malori yaliyozibana njia hata kuku hapiti. Swali lilikuwa moja: aandike programu ya kuyapanga, yanayokwenda mbali yatangulie getini. Amri za Sadock zilikuwa bado pembeni mwa ubao. Zilikuwa sahihi, na hakuna gurudumu lililosogea.

Oktavia alianza kama anavyoanza jambo lolote mtu aliyelelewa katika nyumba ya Wabena. Mstari wa kwanza ulilisalimu kila lori: kamwene. Wa pili uliuliza limeamkaje. Wa tatu uliuliza habari za huko lilikotoka. Ndipo akaandika ombi la kujipanga.

"Shikamoo yako mimi nimeitikia, mwanangu," alisema Mzee Halfan. "Sasa na gari nalo?"

"Siwezi kuliomba kitu, baba, kabla sijalisalimu."

Alipomaliza mstari wa mwisho, malori yaliitikia kwa honi, moja moja, likianza lililo kuukuu kuliko yote. Kisha yakaanza kujipanga. Hayakuwa na madereva. Lori la Songea lilirudi nyuma kulipisha la Dar es Salaam. Dereva Benno, aliyekuwa akinyoa ndevu kwenye kioo cha gari lake, alilifuata kwa miguu, povu shavuni.

"Taratibu basi," aliliambia. "Bado upande mmoja."

Oktavia alitazama mpaka lori la mwisho likatulia, chaki ikimlainikia kiganjani. Bi Rukaya akampa alama zote.

"Umefaulu vizuri sana," alisema Mzee Halfan. "Ila nafasi ni ya Dulla. Ni mtoto wa dada yangu, na koti lake limeshakizoea kiti."

"Mbona mlituita, baba?"

"Malori yalikuwa yamekwama, mwanangu."

Benno, ndevu zimekwisha, aliwapa lifti Oktavia na Sadock. Njia nzima malori waliyopishana nayo yalipiga honi, na Sadock akawa anayaitikia kwa Kibena mpaka sauti ikamkauka. Oktavia alicheka hata akavua sweta moja.

"Umepata?" mama yake alimuuliza mlangoni.

"Sijapata, mama. Lakini programu yangu imekwenda. Nimeiona kwa macho."

Mama alimtazama usoni, akaenda kukamata jogoo.

Dulla alikuwa kijana mpole. Aliondoa maua, akaiwasha kompyuta, akaandika amri nzuri zisizo na salamu. Jumamosi uwanja ulikuwa umeziba tena, na Mzee Halfan akatangaza usaili wa nafasi ile ile.

Jumatatu Oktavia alichukua katoni yake, akaenda. Alipokaribia geti, malori yalimsalimia yeye kwanza. Ndani, Dulla alisimama, akampa chaki kwa mikono miwili, kisha akarudi kukaa kwenye kiti kile kile chenye koti lake.