Beji Namba Ishirini na Nne

Saa nane na dakika ishirini mchana wa jana, Ijumaa, tofali lilibisha hodi kwenye mlango wa ofisi yangu. Nilikuwa nimelala kitini, kwa hiyo haya ni ya ndotoni. Nayaandika kwa mfuatano niliouona.

"Karibu," nilisema.

Likaingia tofali la saruji la inchi sita, kona moja imemeguka. Lilisimama kwenye zulia na kuacha alama ya maji.

"Shikamoo."

"Marahaba. Una umri gani?"

"Siku tatu."

"Tofali humwagiliwa siku saba ndipo libebwe. Wewe hutakiwi hata kusimama."

"Nimepewa ruhusa."

"Na nani?"

"Sisi matofali hatuna shida ya ruhusa. Tukikauka tunatoka. Anayetufyatua ndiye habanduki."

Niliiandika hiyo, maana ndiyo kazi yangu. Nakagua wazabuni wa kampuni moja ya ujenzi hapa Dodoma. Tunajenga bweni la ghorofa nne, na lori la matofali haliingii mpaka nitie saini Fomu Namba Saba, inayothibitisha kwamba huko yanakotoka hakuna mtu anayefanyishwa kazi kwa lazima. Lori la jana lilikuwa linasubiri saini yangu ya saa tisa. Fomu ilikuwa mezani. Nilikuwa nimeijaza Jumatano, baada ya kukitembelea kiwanda chenyewe: maswali kumi na mawili, tiki kumi na mbili.

"Mlangoni kwenu pana bango," tofali liliendelea. "Linasema hakuna kifaa kitakachoingia eneo la ujenzi bila kueleza kilikotoka. Nimekuja kujieleza."

Bango hilo lipo kweli. Nililibandika mimi.

Kabla sijajibu, tiki zilijiinua kutoka kwenye fomu na kujikung'uta.

"Mnakwenda wapi?" niliuliza.

"Kutafuta ushahidi," ilisema iliyotangulia.

"Jumatano mliupata."

"Jumatano tulipata wino."

Zikateremka mguu wa meza kwa mstari mmoja kama siafu, zikapita chini ya mlango. Fomu ikabaki na viboksi vitupu. Nilitazama saa ya ukutani. Haikuwa imesogea.

"Nani alikufyatua?" nililiuliza tofali.

"Tluway, mtu wa Mbulu. Ana mapacha wa wiki tano, hajawaona. Mmoja alizaliwa na kilo mbili na robo, mwenzake mbili kasoro kidogo. Kila akiinua karai anasema, 'Hili ni mara sita yao wote wawili.' Tukiwa bado wabichi tunasikia vizuri sana."

"Swali la nne," nilisoma. "Je, mfanyakazi yuko huru kuondoka kwa hiari yake?"

"Huru kabisa. Geti liko wazi mchana kutwa."

"Basi kwa nini haendi kuwaona watoto wake?"

"Twende ukaone. Hapa pana kiyoyozi, nitapata nyufa."

Nilisimama. Kiti, zulia na bango viko pale pale, lakini sasa viko mbele ya geti la kiwanda cha matofali, nje kidogo ya mji, njia ya Singida. Jua ni kali. Mlinzi, Chilongani, yuko kwenye kibanda chake. Ni yule yule wa Jumatano, isipokuwa amevaa daftari la wageni kichwani kama kofia.

"Kitambulisho, mama," anasema.

"Nilikupa Jumatano."

"Basi umo."

Sikuona ajabu. Katika mji huu kila geti ni hivyo: unaacha kitambulisho, unapewa beji, ukitoka mnabadilishana. Nimefanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba mkono wangu hukitoa kabla sijaombwa.

Anatokea mwanamume mrefu, vumbi la saruji limemfika mpaka kwenye kope. Ameshika mfuko wa plastiki. Ndani yake naona soksi nne, kila moja inatosha kidole gumba changu.

"Huyo ndiye Tluway," tofali linaninong'oneza.

"Naondoka, naenda Mbulu," anamwambia mlinzi.

"Nenda, mjomba. Nani amekushika?"

Tluway anavuka geti. Nahesabu. Hatua ya kumi na moja inamfikisha ukingoni mwa barabara. Inayofuata inamtua ndani ya geti, nyuma yetu, bado anatazama upande wa Mbulu. Hakugeuka popote. Alirudia mara tatu, na mara zote tatu hatua zilikuwa kumi na moja.

"Mbona unamrudisha?" nilimuuliza Chilongani.

"Si mimi. Muulize bosi."

Bosi alikuwa ndoo: ndoo nyeupe ya rangi, ya lita ishirini, yenye mfuniko. Ilikuwa kwenye kiti cha plastiki, imekunja nne, ingawa haikuwa na miguu.

"Karibu, madam," ilisema. "Sisi hapa ni familia."

"Ndani yako mna nini?"

"Vitambulisho vya vijana wangu. Navitunza tu. Kazi yenyewe ni maji na saruji, mfukoni vingeharibika. Oda ikiisha, kila mtu anapewa chake."

"Oda inaisha lini?"

"Inategemea ninyi. Mkiagiza tena, inaendelea."

Tangu Machi tumeagiza mara nne. Hilo nalo niliandika.

"Na mtu akikihitaji kabla?"

"Anakuja kuniomba, namsikiliza."

"Bosi, mimi nimekuja mara tatu," alisema Tluway.

"Na mara zote tatu nilikusikiliza."

Mfuniko haukusogea. Nilimgeukia Tluway.

"Kwa nini usiende bila hicho kitambulisho?"

"Mama, bila hicho kazi pengine sipati. Laini ya simu sisajili. Askari akinisimamisha njiani aniulize mimi ni nani, nimwoneshe nini? Soksi?"

"Lakini Jumatano nilikuuliza kama uko huru kuondoka. Ulisema ndiyo."

"Uliniuliza ndoo ikiwa imesimama ubavuni kwangu."

Nilipekua kumbukumbu zangu. Ilikuwa kweli. Jumatano nilimuuliza swali hilo mwanamume mmoja mrefu, na aliyesimama ubavuni kwake alikuwa mwenye kiwanda, Bwana Kisanga. Alikuwa anatabasamu. Yule mwanamume alitazama geti kwanza, ndipo akajibu ndiyo. Nikaweka tiki.

"Narudi ofisini kurekebisha fomu," nilisema.

Nilivuka geti. Hatua ya kumi na moja ilinifikisha ukingoni mwa barabara. Iliyofuata ilinirudisha ndani, nyuma ya Chilongani.

"Na chako kimo, mama," alisema bila kugeuka.

"Mimi ni mkaguzi."

"Ndiyo. Sasa ni mkaguzi wa ndani."

Tofali lilicheka mpaka likameguka kona ya pili.

Wakati huo tiki zinarudi, zimejaa vumbi. Nazihesabu: kumi na moja.

"Ya swali la nne iko wapi?"

"Imebaki ndani ya ndoo," anajibu msemaji wao. "Imekuta vitambulisho ishirini na vinne, imekataa kutoka peke yake."

"Wafanyakazi ni wangapi?"

"Ishirini na watatu. Mmoja zaidi ni wewe. Jitazame shingoni."

Najitazama. Nimevaa beji ya mgeni, namba ishirini na nne.

"Fungua mfuniko," naiambia ile ndoo.

"Kwa mamlaka gani, madam? Wewe mwenyewe umo humu."

"Sijatia saini."

Ndoo iliikunjua nne yake. Mfuniko ulianza kubanduka upande mmoja kwa ile sauti ya plastiki inayoachia, na sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha.

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Zulia lilikuwa kavu. Tiki kumi na mbili zilikuwa mahali pake. Ndoto si ushahidi, kwa hiyo nilitia mkono kwenye mkoba nitafute kalamu nitie saini. Mkono ulitoka na kipande cha plastiki chenye kamba: MGENI, 24.

Jumatano niliondoka kiwandani kwa haraka. Nilisahau kurudisha beji na kuchukua kitambulisho changu. Hilo linaelezeka. Lisiloelezeka ni namba. Nilipojiandikisha, ukurasa wa wiki hii kwenye daftari la wageni ulikuwa mweupe, na jina langu lilikuwa la kwanza.

Nyuma ya beji palikuwa na namba ya simu ya geti. Nilipiga.

"Chilongani hapa."

"Mimi ni yule mkaguzi wa Jumatano. Nilisahau kitambulisho."

"Kipo, mama. Hapa kitu hakipotei."

"Wiki hii mmepata wageni wangapi?"

"Wewe tu."

"Basi kwa nini mimi ni wa ishirini na nne?"

Nilisikia mashine ya kufyatulia matofali ikinguruma, kisha mlango wa kibanda ukifungwa.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "moja mpaka ishirini na tatu wanazo vijana."

"Na vitambulisho vyao?"

"Viko kwenye ndoo."

Sikuuliza ni ndoo ya nini.

"Ya rangi," aliongeza.

Nilikata tiki ya swali la nne kwa mstari mmoja, nikaandika saa na tarehe pembeni. Kisha nilimpigia Bwana Kisanga.

"Madam, lori limeshapakiwa!"

"Lisubiri. Nakuja na afisa kazi. Vitambulisho vinarudi mikononi mwa wenyewe mbele yetu, na anayetaka kuondoka leo anaondoka leo. Oda zetu nyingine tutazungumza baada ya hapo."

"Navitunza tu, madam."

"Najua. Umeshaniambia."

Alikuwa hajaniambia.

Saa kumi na dakika ishirini mfuniko ulifunguliwa. Afisa kazi alisoma majina, mimi nikahesabu. Kitambulisho cha sita kilipotoka, mmoja alichungulia picha ya mwenzake na kumwambia, "Huyu ni wewe au ni babu yako?" Mwenzake akamjibu, "Ni mimi kabla ya kukutana na wewe." Baada ya hapo walicheka wote, hata Chilongani. Bwana Kisanga alishika mfuniko kwa mikono miwili, hajui auweke wapi.

Cha kumi na saba kilisomwa: Tluway Qamara, mzaliwa wa Mbulu. Alijitokeza yule mwanamume mrefu niliyemuuliza Jumatano. Jina lake sikuwahi kuliandika popote. Alikipokea, akakigeuza nyuma na mbele, akakifuta kwenye shati.

"Mama, kwa hiyo naweza kwenda?"

"Unaweza. Nani amekushika?"

Vilitoka ishirini na vinne, na cha mwisho kilikuwa changu. Nilimrudishia Chilongani beji yake.

Saa kumi na dakika hamsini Tluway alivuka geti na mfuko wa plastiki mkononi. Nilihesabu. Hatua ya kumi na moja ilimfikisha ukingoni mwa barabara. Ya kumi na mbili aliiweka juu ya lami.