Kesho Nawapasua Wote

"Nimekusikia kwa masikio yangu haya mawili!" Mama Pacha alifoka katikati ya ua, mikono kiunoni. "Ulikuwa kwenye simu. 'Nimewalisha, wameshiba, kesho nawapasua wote, asibaki hata mmoja.' Unampasua nani, shoga? Sisi?"

Jirani yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Mama Vijidudu, aliendelea kuanika koti lake jeupe la kazini. Angecheka, lakini mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, na bibi yule alishasema: nikiona ni mtu wa hatari, leo hii anahama.

"Nilikuwa naongea na mwenzangu wa zamu," alisema. "Wa kupasuliwa ni bakteria. Kiwandani tunawafuga kwenye mapipa ya chuma, tunawalisha sukari, nao wanatutengenezea kimeng'enya. Sasa kimo ndani ya miili yao, hakitoki kwa kubembelezwa. Lazima uwapasue. Tukishakipata, kinaikata penisilini kama mkasi, nasi tunatengeneza antibiotiki nyingine."

"Mmesikia? Anafuga magonjwa!"

"Nafuga vibarua. Na wapole hao, hawajamdhuru mtu. Kinachodhuru hapa ni ulimi wako."

Wapangaji wakaguna. Mmoja alishindwa kujizuia, akacheka.

"Yaishe, mwanangu," mwenye nyumba akaingilia. "Waombe wenzio radhi, tafuta kazi nyingine, chumba ubaki nacho."

Mama Vijidudu akabana kibanio cha mwisho, akageuka.

"Radhi ya nini, bibi? Kazi nimeisomea, nimeifanya miaka sita, siiachi. Na kwenye simu sinong'oni ng'o! Mlango uko wazi. Ingia ukague mpaka uvunguni. Ukikuta kijipipa hata kimoja, godoro nabeba mwenyewe."

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," bibi akajibu, akavua kandambili, akaingia.

Ndani kitanda kikasukumwa, kabati likalia, kisha mfuniko wa sufuria. Halafu kimya. Kimya kirefu mno kwa chumba kimoja. Mama Pacha alinyoosha shingo hadi mishipa ikamtoka.

Bibi alipotokea, alikuwa anatafuna.

"Nimekuta maharage," akasema. "Hahami mtu hapa."

"Lakini bibi..."

"Nimesema hahami!"

Mama Vijidudu akamtazama jirani yake, aliyekuwa hajui aende mbele au arudi nyuma.

"Na wewe usinisimamie hapo kama mlingoti. Nawa mikono, uje ule."