Sauti ya Margaret

Kiama alikuwa amekaa na wimbo mmoja wiki nzima. Kazi yake, katika chumba kidogo juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitengela, ni kurekodi nyimbo na kusawazisha sauti zake kabla hazijatolewa. Huu ulikuwa wa kwaya moja ya Isinya. Katikati kwaya inanyamaza, na mama mzee anaimba peke yake kwa Kimaasai, chini chini, kama anayebembeleza mtoto. Huyo ni Margaret; bintiye, Kakenya, ndiye kiongozi wa kwaya. Alifariki muda mfupi baada ya kurekodiwa.

Kakenya alipokuja, alisikiliza kazi ya Kiama mpaka mwisho, kisha akatoa simu.

"Niko na ingine hapa. Kuna app inafanya hii kazi yako dakika moja tu. Sikia."

Wimbo ukalipuka. Shanga za waimbaji zikachachatika kama mafuta kwenye kikaango, na Margaret alipoingia, sauti yake ilikuwa kubwa kama ya kwaya nzima.

"Zima!" Kiama alisimama. "Dada, hiyo mashine imeharibu. Inapandisha kila kitu, hata pale panafaa kuwa chini. Mama hakuwa anaimba hivyo. Mimi ndio nilimrekodi, hapa hapa, nikisikia hadi pumzi yake."

"Najua hakuwa anaimba hivyo."

"Sasa?"

"Mama aliongea kwa sauti ya chini maisha yake yote. Kwa mikutano ya familia walimkatiza. Kwa kwaya walimweka nyuma. Hii ndio mara ya kwanza namsikia juu ya watu wote."

Kiama aliketi tena.

"Basi nipe hadi kesho," alisema. "Nitampandisha mwenyewe, bila hayo makwaruzo."

"Hii ya app nimeshawatumia watu wetu wote, hadi kule Rombo mpakani. Wamelia."

"Wamelia kwa hizo kelele?"

"Wamelia kwa Mama, Kiama."

Kiama alimpandisha hata hivyo, kidogo kidogo kwa mkono, mpaka Margaret akasikika mbele ya wote na pumzi yake ikabaki. Akatuma. Kakenya alijibu kwamba ni nzuri sana, Mungu ambariki.

Jumapili Kiama alienda Isinya kwa ibada ya kumkumbuka Margaret. Alipoegesha gari, spika za kanisa zilikuwa zinapiga ule wimbo. Ulikuwa ni ule wa app. Wanawake walikuwa wamesimama, wengine wakiimba pamoja na marehemu, machozi yakiwatiririka. Kiama alikaa ndani ya gari, ameshika usukani kwa nguvu, akingoja uishe ndipo ashuke.