Muuza Nyanya Asiye na Sauti

Mwalimu wetu wa maigizo tulimwita Pumzi, maana kila kipindi alianza kwa kutulaza chali kwenye sakafu ya bwalo tupumue kwa tumbo. Sare zetu zilikoma kwa vumbi. Tukiinuka ni yale yale: usimpe mtazamaji mgongo, tupa sauti mpaka ukuta wa nyuma, na hata kama huna la kusema, bado unaigiza.

Hilo la mwisho lilinihusu mimi. Mchezo wetu ulikuwa wa mfalme anayekuja kufia sokoni, nami niliwekwa kwenye kundi la wachuuzi, muuza nyanya, bila neno hata moja.

"Nyinyi mnachezesha midomo tu," alisema Pumzi. "Ongeeni lolote, ila sauti isitoke."

Ufalme akapewa mwenzetu tuliyemwita Redio, ambaye darasani mdomo haulali, lakini akipanda jukwaani anaongea na viatu vyake. Nilinuna mpaka nikachoka mwenyewe.

Ila aliyeniumiza roho ni mama. Masikio yake yalizimika kwa ugonjwa nilipokuwa mdogo, na tangu hapo anasoma midomo. Kila hafla ya shule alikuja, akakaa, akapiga makofi wenzake wakipiga, akarudi nyumbani bila kuambulia kitu. Safari hii nilimwambia asijisumbue.

"Mwanangu apande jukwaani, mimi nibaki napiga pasi nguo za watu?" akasema, kwa ile sauti yake kubwa asiyoweza kuipima. "Thubutu!"

Basi akaja, kajipamba huyo, akakaa mstari wa mbele. Redio akaingia na kuwapa watazamaji mgongo tangu neno la kwanza. Malkia naye kajifunika kitambaa mpaka puani. Nikamwona mama anahamisha macho huku na huku, kisha akayashusha mapajani. Namjua mama yangu. Hapo alikuwa ameshakata tamaa, anasubiri makofi.

Hasira zikanipanda. Nikasogea na beseni langu mpaka ukingoni mwa jukwaa, nikamkazia macho hadi akaniona, nikaanza kuchezesha midomo. Mama, huyo mwenye taji ndiye mfalme, anaumwa. Yule mrefu ni mdogo wake, ndiye aliyemtilia sumu, mnafiki mkubwa! Malkia anajua, ila kanyamaza.

Mama akajisogeza mbele kitini. Mrefu akisema, nami naeleza. Malkia akilia, nami naeleza, huku nikipanga nyanya zangu kama kawaida. Uso wake ukachangamka. Moyo wangu nao ukajaa, nikasahau kabisa kuwa nina mwalimu.

Sasa anakata roho, nikamwambia. Lakini mbona hamalizi? Utadhani analipwa kwa saa!

Mama akaangua kicheko. Peke yake, bwalo zima kimya, mfalme yuko chini anatapatapa. Watu wakageuka kumtazama. Akaziba mdomo kwa kiganja, nami nikatamani ardhi inimeze.

Pazia lilipofungwa tu, Pumzi akanifuata pale niliposimama na mama, amevimba kwa hasira.

"Nilikupa sehemu isiyo na sauti! Kule mbele ulikuwa unafanya nini? Umetuharibia kifo!"

Mama alikuwa anaitazama midomo yake, hakuacha kitu. Akaniwekea mkono begani.

"Usimgombeze, mwalimu," akasema, na bwalo zima likamsikia. "Wale wengine niliwaona tu. Huyu ndiye peke yake niliyemsikia."