Tone la Ishirini na Nne

Mama Chupa alikuwa amefika tone la ishirini na tatu chupa ilipokohoa. Alifunga mrija, akatazama saa, akaandika: "Tone la 23. Kikohozi kimoja, sekunde kumi na nne."

Alikuwa fundi wa maabara, na jina hilo alibandikwa kwa kuosha kila chupa mara tatu. Iliyokuwa mbele yake ilikuwa na kimeng'enya cha kutengenezwa: nyuzi za polima zilizojikunja pamoja na sabuni, zikaacha vishimo vyenye umbo la sumu moja tu. Sumu hiyo ikinasa humo, hukatwa vipande viwili. Alikuwa akipima maji ya kisima kilicho nyuma ya kiwanda cha rangi, ambamo watu bado walichota maji.

Mwezi uliopita sabuni ya maabara ilikwisha. Kwa kuwa hakupenda kazi ilale, alileta kipande cha nyumbani, kile alichokuwa akifulia ovaroli za marehemu mumewe, mwosha matangi wa kiwanda hichohicho. Polima hushika umbo la kitu inachokikuta kwenye sabuni. Tangu hapo, kila sumu ilipokatwa, chupa ilikohoa kikohozi cha mumewe: kwanza kikavu, halafu mkwaruzo.

Barua ya kiwanda baada ya mazishi ilisema marehemu alizaliwa na kifua kibovu.

Mkuu wa maabara alipita na kalamu nyekundu.

"Bado anakohoa?"

"Bado."

"Hilo neno litoe, dada. Andika viputo."

"Bosi, maji ya bomba nimemdondoshea matone mia, kimya. Ya kisima ndiyo yanamkohoza. Ni sumu ya matangi, ileile iliyomuua."

"Masikio ninayo. Lakini ripoti anaisoma mwenye kiwanda."

Akakata neno "kikohozi" katika kila ukurasa, kwa rula, mstari umenyooka.

Alipoondoka, Mama Chupa aliinamia chupa. "Umesikia? Siku hizi wewe ni viputo."

Chupa ilicheka kidogo. Mama Chupa akaachia tone jingine, kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Akangoja kiishe.

"Tone la 24," akaandika. "Viputo, sekunde thelathini na moja."

Yalibaki matone sabini na sita kufikia mia. Alifunga mrija, akaliacha beseni la maji ya moto ilimokaa chupa kwenye nyuzijoto thelathini na saba, isipate baridi, akatundika koti.

"Dirisha, mama," chupa ilisema, kama mumewe alivyozoea kusema kila jioni.

Akarudi, akalifunga.

"Saa mbili asubuhi nitakuwa hapa," alisema, akazima taa.