Neti ya Kitanda cha Mzee

Watu wa utafiti walipofika upande wa Lurambi mwaka ule wa tisini na sita, swali lao la kwanza kwa kila boma lilikuwa moja tu: hapa kuna vitanda vingapi? Wanakijiji waliwaita watu wa mbu, kwa sababu walikuja na mitungi midogo ya kukamatia mbu na wakazungumza habari za mbu tangu asubuhi hadi jua linatua. Walisema malaria inamaliza watoto, na jambo hilo halikuhitaji mtaalamu wa kulisema, maana kila boma lilikuwa na kaburi fupi mahali fulani nyuma ya migomba. Walisema pia kwamba wangegawa neti zilizotiwa dawa, wangoje mwaka mzima, kisha wapime kama watoto wameugua kidogo kuliko zamani.

Katika boma la mzee Sylvanus Masinde kulikuwa na kitanda kimoja. Kilikuwa chake na mkewe Dorothy, chumbani mwao kwenye nyumba kubwa. Namalwa, mke wa mwana wao Wanjala, alilala katika nyumba ndogo ya pembeni, yeye na mwanawe Sammy, kwenye mkeka juu ya magunia. Wanjala alikuwa mkata miwa, akilala kambini na kurudi nyumbani Jumamosi.

"Na kwa nyumba hii ndogo?" mwanamke wa utafiti aliuliza Jumamosi waliyofika. Jina lake lilikuwa Kemunto, msichana mpole kutoka Kisii aliyeendesha pikipiki akiwa amejifunga leso juu ya suruali ili wazee wasimtazame vibaya.

"Kitanda hakuna," Wanjala alijibu, akaona haya kidogo. "Bado tunajipanga."

Basi boma likapewa neti moja. Kemunto mwenyewe aliingia akaifunga juu ya kitanda cha mzee, kamba nne kwenye pembe nne, akawasomea masharti. Neti isihamishwe. Mahali ilipofungwa ndipo ingekaa mpaka utafiti umalizike, na wangekuwa wakipita kuikagua bila kutoa taarifa.

Mzee Masinde aliyashika maneno yale kama ya mahakamani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kufuata alichoambiwa na serikali, na kwake kila mtu mwenye pikipiki na kalamu alikuwa serikali.

Kilichofuata ni kwamba wazee wawili walilala ndani ya neti kama maharusi, na mtoto wa miaka miwili akalala nje.

Sammy aliugua mara ya kwanza mvua kubwa ilipoanza. Namalwa alimbeba hadi zahanati. Muuguzi akampima paji la uso kwa kiganja, akafungua kabati ili Namalwa ajionee mwenyewe rafu tupu.

"Dawa ziliisha wiki jana, mama. Nunua klorokwini dukani. Na umlaze kwa neti. Si mko kwa ule mradi?"

"Tuko."

"Basi mna bahati. Wengine hawana."

Namalwa alinunua vidonge, akavisaga, akavichanganya na sukari, na Sammy akavitema vyote begani mwake. Akasaga vingine. Homa ilishuka, ikarudi, ikashuka tena.

Alikwenda jikoni kwa mama mkwe wake. Dorothy alikuwa akisonga obusuma, ugali wa jioni, kajasho kamemtoka puani.

"Mama, ile neti. Nauliza tu. Haiwezi kuja kwa mtoto?"

Dorothy hakugeuka. "Hiyo iko kwa kitanda cha baba yako."

"Najua, Mama."

"Kama unajua, usiseme hivyo mtu akisikia. Wewe ni mke wa mtoto wake. Habari ya kitanda chake inakuhusu na nini?" Akageuza mwiko, sauti ikalegea. "Mimi nilimwambia. Tena mara mbili. Anasema wale watu watakuja waikose pale, waandike amewaibia. Anasema pia ikishafunika kitanda chake imekuwa tandiko lake, haiwezi kwenda kufunika mke wa mwanawe. Na hapo hakosei. Wewe mwenyewe unajua hakosei."

Namalwa alijua. Tangu aolewe hakuwahi kukanyaga chumba kile. Shuka za mzee hakuzifua, hata kuzianua mvua ikija aliwaita wengine. Akikutana naye njiani alipisha kwenye nyasi. Hayo hayakuwa mateso, ndiyo yaliyokuwa adabu, na mama yake mzazi kule Butere alimfundisha hivyo kabla hajajua kusoma.

Akamngoja Kemunto. Pikipiki ilipolia kwa mbali alitoka mbio hadi kwenye kona ya miwa, wasimwone nyumbani.

"Dada, mlihesabu vitanda," alisema. "Watoto hapa hawalalangi kwa kitanda. Wanalala chini. Nyinyi mmepea wazee neti."

Kemunto alizima pikipiki. Akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo amekuwa akijiuliza mwenyewe.

"Umesema kweli, Mama Sammy. Nitawaambia wakubwa mjini."

"Na mimi nifanye nini saa hii?"

"Subiri kidogo. Nikikupa neti nje ya mpango, hesabu yote inaharibika. Boma lenu tayari limeandikwa lina neti." Akamgusa mkono. "Vumilia, tafadhali. Watafikiria."

Wakafikiria. Mvua ikanyesha, miwa ikarefuka, madimbwi yakajaa kwenye nyayo za ng'ombe. Binti wa jirani yao Mukhwana, aliyeitwa Beverly, mrembo wa vishimo mashavuni, aliugua Alhamisi na kuzikwa Jumamosi. Kwa akina Mukhwana pia neti ilikuwepo. Ilikuwa juu ya kitanda.

Wiki iliyofuata Sammy alishikwa na degedege asubuhi akinywa uji. Macho yalipanda juu, kijiko kikamng'ang'ania menoni. Namalwa hakukumbuka baadaye alivyofika barabarani. Alikumbuka tu mwenye baiskeli akimwambia, "Mshike kichwa, mama, mshike kichwa," mpaka hospitali kubwa ya mjini, na daktari aliyemchoma mtoto kwinini na kukaa naye mpaka akalia. Sammy alilia kwa sauti nyembamba ya paka, na Namalwa hakuwa amewahi kusikia kitu kitamu kama hicho.

"Amepona," daktari alisema. "Lakini mama, mwili huu hautavumilia nyingine. Umenielewa? Alale kwa neti."

Siku waliyorudi, mzee Masinde alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa wakulima wa miwa, na Dorothy alikuwa sokoni. Namalwa alimlaza Sammy kwenye mkeka, mbu mmoja akaja akatua kwenye kigimbi cha mtoto, mchana ule ule, bila wasiwasi wowote. Akampiga. Kiganjani kukabaki damu.

Alivua ndara mlangoni mwa nyumba kubwa. Akasogeza pazia la chumba.

Hakutazama huku na huku. Aliona suruali ya mzee kwenye msumari akageuza uso. Kamba ya kwanza ilifunguka, ya pili ikafunguka, ya tatu akaikata kwa meno. Ya nne ilikuwa juu, kona ya ukutani, na mkono haukufika. Alijaribu kwa kunyanyuka vidoleni. Alijaribu kwa kuvuta. Mwishowe akapanda juu ya kitanda cha baba mkwe wake, miguu miwili, akainyoosha mikono.

Hapo ndipo Dorothy alipoingia na kikapu chake kichwani.

Neti iliangukia kichwani pa Namalwa ikamfunika mpaka magotini, nyeupe, inanuka dawa, naye akasimama ndani yake kama kitu kilichonaswa.

"Shuka," Dorothy alisema kwa sauti ndogo. "Mama Sammy, shuka hapo."

"Mama, umeona peke yako. Ukinyamaza..."

"Ninyamazeje? Atalala wapi asione haipo? Na nikinyamaza halafu mtoto apatwe na jambo kwa mwiko huu, nitasema nini mimi?" Aliweka kikapu chini, akaketi sakafuni, akashika kichwa. "Ungenipigia kelele. Ungenitukana. Ungefanya jambo lingine lolote."

Jioni hiyo wanaukoo waliketi kikao. Shikanga, mdogo wake mzee, ndiye aliyeongoza maneno, na alikuwa mtu asiyeweza kuacha mzaha hata msibani.

"Amepanda kitanda cha baba mkwe, jua linawaka! Alikuwa na viatu?"

"Hakuwa na viatu," Dorothy alijibu.

"Afadhali. Angalau ana heshima kidogo."

Wengine walicheka. Mzee Masinde hakucheka. Alikuwa amekaa akiangalia nje, na alipozungumza hakumtaja Namalwa kwa jina.

"Mimi sina chuki na mama wa mjukuu wangu. Lakini pale silali tena, na hapa hatuwezi kuishi pamoja hivi hivi. Aende kwao, watu wake walete kondoo, boma lisafishwe. Wakileta, arudi. Na hiyo neti ichomwe."

Wanjala, aliyeitwa kutoka kambini, aliinamisha kichwa. "Baba yake alikufa," alisema. "Kondoo atatoka wapi?"

"Ana kaka," Shikanga alisema.

"Kaka zake hata kuku hawana."

"Basi atakaa huko mpaka wapate."

"Nitaenda," Namalwa alisema kutoka mlangoni. "Nitaenda na Sammy."

"Mtoto ni wa boma," mzee alijibu. Wanjala akazidi kuinamisha kichwa.

Ni Dorothy aliyesimama. "Neti haichomwi," alisema. Kila mtu alimtazama, maana hakuwa na mazoea ya kusema wanaume wakiwa wameketi. "Mwiko uko kati ya mzee na mke wa mwanawe. Mjukuu hana mwiko na babu yake. Sammy atalala na mimi hapa sebuleni, chini, na neti itakuwa yake. Kama kuna mtu anataka kuichoma, anichome nayo."

Shikanga alitaka kutania, akaona uso wake, akaacha.

Siku ya pili Kemunto alikuja kukagua. Namalwa alikuwa nyuma ya jiko akifunga nguo zake kwenye leso, na kila neno lilimfikia kupitia ukuta wa udongo.

"Lo! Mzee, mmeishusha kwa mtoto!" Sauti ya Kemunto ilijaa furaha. "Mkeka, neti, imefungwa vizuri kabisa. Sitawaandika vibaya, hapana. Wakubwa wamekubali juzi tu neti zihamishiwe watoto, na tunataka kila nyumba ifanye hivi. Nani alifikiria?"

Mzee alisafisha koo.

"Hapa tunawajali watoto," mzee Masinde alisema.

Alipotoka, Kemunto alimwona Namalwa. "Mama Sammy! Si nilikwambia usubiri? Umeona sasa?" Kisha akaona furushi. "Safari?"

"Nafika kwetu Butere kidogo."

"Basi wasalimie."

"Watasikia."

Namalwa aliitazama pikipiki mpaka ilipopotelea kwenye miwa. Hakumchukia yule dada. Alitamani kumchukia, ingemsaidia njiani.

Akaingia ndani. Dorothy alikuwa amemlaza Sammy ndani ya neti, apate usingizi wa mchana mama yake aondoke.

"Mama, pindo usiliache hivi," Namalwa alisema akipiga magoti. "Liingize chini ya mkeka, pande zote. Ukiacha hata mwanya wa kidole wanaingia. Akigeuka usiku linachomoka, inabidi uamke ulirudishe. Anageukanga sana, huyu."

"Nitaamka."

"Na jua likianza kushuka tu, umwingize. Usingoje giza."

"Nimesikia, mwanangu."

Sammy hakuwa amelala. Aliketi, akashika matundu ya neti kwa vidole vyake, akacheka.

"Mama, ingia."

Namalwa alimtazama Dorothy. Dorothy akatikisa kichwa taratibu, machozi yakimtoka bila kujificha.

"Hii ni yako," Namalwa alimwambia mwanawe. "Mama haingii."

"Ingia!"

"Lala kwanza. Ukilala vizuri, mama atakuletea kondoo."

"Kondoo mkubwa?"

"Yeyote nitakayempata."

Sammy akafikiri, akalala chali, akafumba macho kwa nguvu zote, kama watoto wanavyofanya wakitaka jambo lije upesi. Namalwa akachomeka pindo la mwisho chini ya mkeka, akalipitishia mkono mara moja zaidi kuhakikisha, kisha akasimama na kuchukua furushi lake.